Radi Hutafuta Njia

Mtu akiteremka katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa mpaka zilipo Ngazi za Leven, ataiona Bandari ya Kale chini yake, na ng'ambo ya maji ataiona Nyali. Ngazi hizo zilipewa jina la manowari ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824 chini ya Kapteni William Owen. Zamani bandari hii ilijaa majahazi ya Lamu, ya Unguja, ya Uarabuni na ya Bara Hindi. Siku hizi vyombo ni vichache, na meli kubwa hutia nanga upande wa pili wa kisiwa, huko Kilindini. Walakini wazee waliokuwa mabaharia wangali wakiketi barazani kila alasiri, wakitazama maji na kuyasoma mawingu kama karani asomavyo barua.

Miongoni mwao alikuwapo nahodha mmoja aliyepita umri wa miaka 80. Siku moja ya masika, mwezi wa Aprili, mjukuu wake alimjia akiwa na barua mkononi. Kijana huyo alikuwa amehitimu masomo ya umeme, na karakana moja ya ndege mjini Nairobi ilikuwa tayari kumpokea awe mwanagenzi. Jibu lilitakiwa kabla ya siku ya Jumamosi. Baba yake alikwisha kufariki, na katika nyumba ile hapakuwa na safari wala ndoa wala kazi iliyoanzwa pasipo radhi ya babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Nasikia wataka kwenda kufanya kazi katika vyombo vinavyopita ndani ya ngurumo."

Kijana alitambua kwamba habari zimemtangulia. Akaketi, akaiweka barua juu ya goti lake, akangoja. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasimulia jambo ambalo watu wa nyumba yake walilijua nusu nusu tu.

Alipokuwa na umri wa miaka 19, alikuwa baharia katika jahazi lililochukua boriti kutoka Lamu. Usiku mmoja wa masika walitia nanga mbele ya ngazi hizi hizi. Mvua ilikuwa haijaanza, lakini mbingu ilikuwa nyeusi. Ndugu yake mdogo alikuwa ameketi sitahani, mgongo ameuegemeza mlingoti. Radi ikaipiga ncha ya mlingoti, na mlingoti ukapasuka toka juu hadi chini kama muwa. Vibanzi viliruka hata vikaanguka majini, na ubao mmoja wa ubavuni ukatoboka. Yule ndugu hakuinuka tena.

"Nahodha wetu alikuwa mtu mwema," akasema mzee. "Alikuwa amefunga hirizi mlingotini, nasi tuliambiwa ya kuwa hiyo ni kinga. Sasa mlingoti wa jahazi haufiki hata mnazi mrefu, na radi iliufikia. Ndege yenyewe huingia katika wingu. Wewe waja kuniambia kwamba ndege nayo ina kinga. Vyema. Lakini nakuuliza swali ambalo sikumwuliza nahodha wangu: kinga hiyo, nani aliyeijaribu?"

Swali hilo la mzee ni swali la mtu mwenye akili, na ndilo lililowashughulisha wataalamu kwa muda wa miaka zaidi ya 100. Kijana hakulijibu kwa haraka. Alianza na ule mlingoti.

Alieleza kwamba radi haina hasira wala haina adui. Ni umeme uliojilimbikiza mawinguni, nao hutafuta njia ya kwenda ardhini, au majini, au katika wingu jingine. Ikipata njia njema, hupita bila kuharibu sana. Ikipata njia mbaya, huivunja. Mti ni njia mbaya. Umeme unapojilazimisha kupita ndani yake, unyevu uliomo hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke hutaka nafasi, na mti hupasuka. Shaba, kinyume chake, ni njia njema, kwa kuwa umeme hupita juu yake kama maji katika mfereji.

Jambo hilo lilianza kufahamika mwaka 1752, wakati Benjamin Franklin wa Marekani alipotangaza habari za majaribio ya kuuteremsha umeme wa mawingu. Tangu hapo watu walianza kuweka vyuma vya radi juu ya majumba. Manowari za Kiingereza nazo zilipewa minyororo ya shaba ya kutundikwa mlingotini na kutumbukizwa baharini. Lakini minyororo hiyo aghalabu ilikaa sandukuni. Mabaharia walingoja mpaka dhoruba ifike ndipo waitundike, na dhoruba haikuwangoja. Ndipo mganga mmoja wa Plymouth, William Snow Harris, alipotoa shauri kwamba shaba ipigiliwe moja kwa moja katika mlingoti, tangu ncha yake mpaka chini ya chombo, ikae hapo siku zote, kuwe kweupe au kuwe na mawingu. Meli iitwayo Beagle, iliyong'oa nanga mwaka 1831 kwenda kuizunguka dunia, ilikuwa miongoni mwa zilizowekewa shaba ya namna hiyo.

"Basi," akasema mzee, "mnyororo uliomo sandukuni ni ndugu yake hirizi."

"Ni kweli, babu. Kinga isiyofungwa mahali pake si kinga."

Kisha kijana akaingia katika habari za ndege. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba ndege hupigwa na radi ilhali haigusi ardhi. Walakini radi haihitaji ndege kugusa ardhi. Huifanya ndege kuwa daraja katika safari yake: huingia kwa mfano puani au kwenye ncha ya bawa, hupita juu ya ngozi ya ndege, kisha hutokea mkiani na kuendelea na njia yake. Tena mara nyingi ni ndege yenyewe inayoiamsha radi kwa kupita mahali penye umeme mwingi. Katika mapigo 10, kama 9 huamshwa hivyo. Kwa wastani ndege ya abiria hupigwa kama mara moja kwa mwaka, na abiria huona nuru nyeupe, husikia kishindo, kisha safari huendelea.

Sababu ya abiria kusalimika ilionyeshwa mwaka 1836 na Mwingereza Michael Faraday. Alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia waya na vipande vya madini, akaingia ndani na vipimo vyake, huku chumba kikitiwa umeme mkali kwa nje mpaka cheche zikaruka. Ndani hakuona athari yoyote. Umeme ulikaa juu ya ngozi ya chumba. Ndege iliyofunikwa kwa aluminiamu ni chumba cha Faraday chenye mabawa.

Mzee akatikisa kichwa. "Ikiwa jambo hili lilijulikana tangu zamani hizo, basi hapana tena la kujaribu."

"Lipo, babu. Chumba cha Faraday hakikuwa na madirisha ya kioo, wala matangi ya mafuta, wala maelfu ya nyaya."

Akamweleza yaliyotokea tarehe 8 Desemba 1963. Ndege ya kampuni ya Pan American, aina ya Boeing 707, ilikuwa ikizunguka hewani usiku, ikingoja zamu yake ya kutua Philadelphia. Kulikuwa na dhoruba. Radi iliipiga, ndege ikawaka moto na kuanguka karibu na Elkton, katika jimbo la Maryland. Watu wote 81 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliona kwamba, kwa yaliyo karibu zaidi na ukweli, radi iliuwasha mvuke wa mafuta uliokuwamo katika tangi la akiba la bawa la kushoto. Ngozi ya ndege ilikuwa ya madini, kama Faraday alivyotaka. Lakini cheche moja, mahali pamoja penye mvuke wa mafuta, ilitosha.

Tangu msiba huo, kusema kwamba ndege ni salama kwa sababu imefunikwa kwa madini hakukutosha tena. Ilibidi kila sehemu ipigwe radi kwanza, mbele ya mashahidi, kabla ya abiria kuaminiwa kwayo. Na kwa kuwa radi ya mbinguni haiji kwa miadi, ilibidi watu watengeneze radi yao wenyewe.

Kazi ya kuitengeneza ilikuwa imeanza mapema. Mtaalamu Charles Steinmetz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi na kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, alipigiwa nyumba yake ya mapumziko na radi mwaka 1920. Kioo kimoja kilivunjika vipande vipande. Steinmetz hakuvitupa. Aliviokota, akaviunganisha tena kama mtoto achezavyo fumbo, ili aione njia iliyopitiwa na radi. Mwaka 1922 alionyesha mashine yake yenye nguvu ya volti 120,000, iliyopasua vipande vya mti mbele ya watazamaji.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1924, Mjerumani Erwin Marx alieleza mtambo wa namna nyingine, na kanuni yake hutumika hata leo. Kijana alimfahamisha babu yake mtambo huo kwa mfano wa maji. Tuseme mtu ana mitungi 10 iliyopangwa sakafuni. Aijaza polepole, kwa ndoo ndogo, bila ya haraka. Kisha, kwa kufumba na kufumbua, mitungi yote ikawa imepandana mmoja juu ya mwingine, na maji yote yakaporomoka tangu kileleni. Mitungi ni vyombo vya kuwekea umeme, viitwavyo kapasita. Hujazwa vikiwa bega kwa bega, kisha cheche huruka katika mapengo baina yao na kuviunganisha kwa mstari mmoja. Kila kimoja kikiwa na volti 100,000, vyote 10 hutoa volti 1,000,000 kwa pamoja. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240 tu.

"Na maji hayo humwagikia nini?" akauliza mzee.

"Humwagikia ndege, babu, au kipande chake."

Majaribio hayo ni ya namna tatu. La kwanza ni la kujua radi itapenda kugusa wapi. Huchukuliwa sehemu ya ndege, kama ile kofia ya pua inayofunika rada, au hata mfano mdogo wa ndege nzima, ikapigwa kwa volti nyingi kutoka pande mbalimbali. Kofia hiyo haiwezi kufanywa kwa madini, kwa sababu rada haitaona kitu. Kwa hiyo hubandikwa vipande vyembamba vya madini juu yake, ili radi ivifuate mpaka kwenye mwili wa ndege badala ya kuitoboa. Jaribio huonyesha kama radi imefuata njia iliyochorewa au imejichagulia njia yake.

Jaribio la pili ni la kujua uharibifu. Hapa kinachotakiwa si kimo cha maji bali wingi wake, na wingi wa umeme hupimwa kwa ampea. Birika la umeme la kuchemshia chai huvuta kama ampea 10. Kanuni za majaribio ya ndege hudai pigo la kwanza la ampea 200,000, yaani sawa na mabirika 20,000, na pigo hilo humalizika katika muda usiofika hata nusu ya elfu moja ya sekunde. Baada yake hufuata umeme mdogo zaidi, wa mamia ya ampea, unaoweza kudumu mpaka sekunde nzima. Lile pigo la kwanza hupasua na kupinda; huu wa pili hukaa mahali pamoja, huyeyusha na kutoboa. Radi ya mbinguni ina tabia zote mbili, kwa hiyo ndege hujaribiwa kwa zote mbili.

Katika kujaribu tangi la mafuta, chumba hutiwa giza na kamera huachwa wazi ndani ya tangi. Radi hupigwa kwa nje. Kisha picha hutazamwa. Ikionekana hata nukta moja ya nuru ndani ya tangi, iwe kwenye msumari au kwenye kiungo, tangi limeshindwa, nao waliolibuni hurudi mezani kwao.

Jaribio la tatu ni la nyaya na vyombo. Radi inapopita juu ya ngozi ya ndege, huweza kuamsha umeme mwingine mdogo katika nyaya za ndani, bila ya kuzigusa. Ndege za siku hizi huongozwa na kompyuta, na kompyuta huweza kuharibiwa kwa umeme usiomtikisa hata panzi. Basi nyaya nazo hupigwa kwa makusudi, ili ionekane kama vyombo vitapotewa na akili au vitaendelea na kazi.

Maabara za kazi hii zimekuwako Pittsfield huko Massachusetts, Culham nchini Uingereza, Cardiff huko Wales, na penginepo. Lakini wataalamu walijiuliza swali moja la haki: radi ya mikono ya watu yafanana na radi ya Mungu? Ili kujua, shirika la Marekani la NASA liliitengeneza upya ndege moja ya kivita, F-106B, likaijaza vipimo, na tangu mwaka 1980 hata 1986 marubani wake waliipeleka ndani ya dhoruba kwa makusudi. Ilipigwa na radi mara 714. Vipimo vyake ni miongoni mwa mambo yaliyowasaidia watu kuisahihisha radi ya maabara.

Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo akauliza swali ambalo kijana alikuwa akilingoja. "Na ile ndege yetu iliyoanguka Kameruni? Watu walisema ni radi."

Kijana alijibu kwa uangalifu, kwa maana jambo hilo lingali na machozi. Ndege ya Kenya Airways, aina ya Boeing 737, iliondoka Douala usiku wa tarehe 5 Mei 2007 kuja Nairobi, ikaanguka muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 114 walipoteza maisha. Kulikuwa na dhoruba, na wengi waliitaja radi. Uchunguzi ulionyesha jambo jingine. Ndege ililalia upande wa kulia gizani, nao marubani hawakutambua mapema, wakapotewa na mwelekeo.

"Kwa hiyo sikuambii, babu, kwamba dhoruba haina hatari. Pepo zake zina hatari, mvua ya mawe ina hatari, giza lake lina hatari, ndiyo maana marubani huizunguka wakiiona katika rada. Lakini radi ni hatari moja ambayo watu wameijaribu, wakaandika, wakajaribu tena."

"Na sasa imekwisha?"

"Haiwezi kwisha, kwa sababu ndege hubadilika."

Akamweleza kwamba Boeing 787, ambayo Kenya Airways imekuwa ikiirusha tangu mwaka 2014, nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni na mengineyo yaliyoshikamanishwa kwa gundi. Ni umbo jepesi na lenye nguvu, lakini katika kupitisha umeme haliikaribii aluminiamu. Radi ikilipiga likiwa tupu, gundi hugeuka mvuke, na tabaka huachana.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. "Yaani mmekwenda mbali kote huko, mkarudi kwenye mlingoti wa mti!"

"Ndivyo, babu. Na tumerudi pia kwenye shaba ya Snow Harris." Kwa maana katika ngozi ya kaboni hulazwa wavu mwembamba wa madini, kama shaba, karibu na uso wa nje, ili radi ipate njia yake. Wavu huo nao haukuaminiwa kwa maneno. Ulipigwa radi katika maabara kwanza.

Mwisho kijana akaieleza kazi ambayo angekwenda kuifanya. Maabara huthibitisha ndege kama ilivyobuniwa, lakini haiwezi kuthibitisha ndege kama ilivyo leo asubuhi. Mlango wa bawa unaofunguka na kufungwa huunganishwa na mwili kwa utepe wa nyuzi za madini zilizosukwa, ili umeme usilazimike kuruka pengo. Utepe huo huchakaa, huota kutu, au husahauliwa na fundi aliyeufungua. Ukikatika, ndege huruka vilevile, na rubani hajui. Fundi hupima kila kiungo kwa chombo. Na ndege ikipigwa na radi, hairuhusiwi kurudi kazini mpaka ikaguliwe toka puani hadi mkiani, alama kwa alama, nyingine ndogo kama tundu la pini. Kisha fundi hutia sahihi yake.

"Sahihi yako wewe?" akauliza mzee.

"Mwanzoni ya mkuu wangu. Baadaye yangu."

Mzee hakutoa jibu jioni hiyo. Lakini asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, alimwamsha kijana akamwambia achukue chombo chake cha kupimia. Wakapita vichochoroni mpaka kwenye msikiti mmoja wa mtaa, wenye mnara mrefu kuliko nyumba zinazouzunguka. Juu ya mnara kulikuwa na chuma cha radi, na utepe wa shaba uliteremka ukutani. Mzee mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliochanga fedha za kuuweka, miaka mingi iliyopita. Chini ya mnara kulikuwa na kibaraza, ambako watoto wa chuoni hujikinga mvua inyeshapo.

"Hii nayo ni kinga," akasema mzee. "Nani aliyeijaribu?"

Kijana aliomba ruhusa, akapanda mnarani na waya mrefu, akaufunga kwenye chuma, akateremka. Aliweka ncha moja ya chombo kwenye waya wake, na ya pili kwenye shaba iliyoonekana ikiingia ardhini. Chombo kilionyesha kwamba hapana njia. Akadhani amekosea, akarudia. Hapakuwa na njia.

Alifuata utepe kwa mkono, hatua kwa hatua. Mahali pasipofika hata kimo cha mtu kutoka chini, utepe uliingia ndani ya chokaa mpya. Akaikwangua chokaa kwa kisu. Nyuma yake palikuwa pameondolewa shaba ya urefu wa mkono mmoja, na pengo lilikuwa limefunikwa vizuri, likapakwa rangi. Aliyeiondoa hakujulikana. Shaba hununuliwa kwa uzani kwa wauza vyuma vikuukuu, na bei yake ni nzuri.

Mzee aliutazama ule ukuta kwa muda. Kisha akatazama kile kibaraza.

Habari ilipelekwa kwa wasimamizi wa msikiti kabla ya jua kupanda. Watoto walikatazwa kukaa chini ya mnara, na fundi wa umeme kutoka Makadara aliitwa. Siku ya Alhamisi utepe mpya ulikuwa umeunganishwa, na fimbo ya chuma iliyofukiwa ardhini ilichimbuliwa, ikasafishwa, ikafukiwa tena. Wasimamizi walitaka kushukuru na kuondoka. Mzee akawazuia. Aliagiza ipimwe mbele yao, na kijana akaipima. Njia ilikuwa nzima.

Ijumaa, baada ya sala, babu alimwita mjukuu wake barazani. Alimwomba kalamu na ile barua, akaandika chini yake kwa herufi za Kiarabu ya kwamba ametoa radhi. Kisha akasema: "Nenda. Lakini siku utakayochoka, au utakapoharakishwa na mkubwa wako, ukaambiwa utie sahihi pasipo kupima, mkumbuke ndugu yangu." Usiku ule mvua ilinyesha kwa ngurumo, na watu wa mtaa ule walilala.

Habari hii yawafaa hata wale wasiopanda ndege. Katika nchi zinazolizunguka ziwa la Victoria radi ni nyingi kupita sehemu nyingi za dunia. Mwezi wa Juni mwaka 2011, huko Runyanya nchini Uganda, radi iliipiga shule ya msingi na kuua wanafunzi 18. Mkulima na asijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake, na anaposikia ngurumo aache jembe aingie katika nyumba imara. Asirudi shambani mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na penye shule, zahanati au nyumba ya ibada iliyowekewa chuma cha radi, wasimamizi wasitosheke kukiona kinang'aa juu ya paa. Wamwite mtu mwenye chombo na ujuzi, aufuate utepe kutoka juu hadi unapoingia ardhini, aupime, na aandike tarehe aliyoupima. Gharama yake ni ndogo, na ni heri pengo ligunduliwe na fundi siku ya jua kuliko kugunduliwa na radi.